Mkono Mtupu Mlangoni pa Duka la Fahari



Wahenga walitufundisha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini atembeaye katika mitaa ya Ginza au Omotesando, jijini Tokyo, ataona kwamba huko hata kizuri hakiachwi kijiuze chenyewe: hujengewa kasri. Mwaka 2001 kampuni ya Hermès ilifungua Ginza jengo lililovikwa matofali ya kioo, kazi ya msanifu Renzo Piano. Mwaka 2002 Louis Vuitton ikafungua Omotesando duka lililosanifiwa na Jun Aoki kwa mfano wa masanduku ya safari yaliyopangwa moja juu ya jingine, na siku ya kwanza watu wakapanga foleni ndefu ili waingie. Mwaka 2003 Prada nayo ikasimamisha jengo lake la vioo katika mtaa jirani wa Aoyama. Haya yote yalifanyika wakati uchumi wa Japani ulikuwa umelala kwa zaidi ya miaka kumi, tangu bei za hisa na za ardhi ziporomoke mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jambo hili peke yake latosha kutufanya tusimame kidogo na kutafakari: katika nchi ambayo mishahara ilikuwa haipandi, watu walisimama foleni kununua mikoba.

Hatukusudii juma hili kuwahukumu ndugu zetu Wajapani. Wala hatukusudii kuilaani biashara, maana biashara ya haki ni huduma kwa jamii, na mikono inayoshona, inayopanga na inayofunga bidhaa inastahili heshima. Tunalokusudia ni kuuliza swali moja. Jumba la maduka linapogeuka kuwa ndilo ua wa mji, yaani mahali ambapo watu hukutana, hupumzika, hukimbilia joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, je, ni nini kinampata yule anayefika mkono mtupu? Wahenga hao hao walisema mkono mtupu haulambwi. Walisema hivyo kwa kuitambua tabia ya wanadamu, si kwa kuisifu. Rai yetu ni kwamba duka kubwa la Japani lilizaliwa kwa kumfungulia mlango mtu wa kawaida, na kwamba leo mlango huo unarudishwa taratibu, kwa adabu nyingi na bila kelele. Hilo ndilo jambo la kuogopesha kuliko mng'aro wenyewe.

Tuanze na historia, maana asiyejua atokako hajui aendako. Mwaka 1673 mfanyabiashara aitwaye Mitsui Takatoshi alifungua katika mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, duka la vitambaa vya kimono lililoitwa Echigoya. Kabla yake, wauzaji wa vitambaa walizoea kwenda katika nyumba za watu wakubwa, wakawaonyesha bidhaa, wakapatana bei, wakauza kwa mkopo. Bei ilitegemea cheo cha mnunuzi na ukali wa ulimi wake. Mitsui alibadili desturi. Aliuza dukani, kwa fedha taslimu, kwa bei moja isiyopatanwa, na akakubali kumkatia mteja kipande kidogo cha kitambaa kadiri ya haja yake. Kwa macho ya leo haya yaonekana mambo madogo. Lakini hebu fikirini maana yake: mjakazi na mke wa samurai waliulizwa bei ile ile. Duka hilo ndilo lililokuja kuitwa Mitsukoshi, ambalo mwaka 1904 lilitangaza kuwa duka la bidhaa za kila aina, la kwanza la namna yake nchini Japani. Wajapani wenyewe waliyaita maduka ya namna hiyo hyakkaten, yaani maduka ya bidhaa mia.

Mlango ukazidi kupanuka. Zamani mteja alivua viatu na kuvikabidhi mlangoni kabla ya kukanyaga mikeka ya duka, jambo lililomtia haya mwenye viatu vilivyochakaa. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 lililoiteketeza Tokyo, maduka yalianza kuwaruhusu watu waingie na viatu vyao, na duka la Matsuzakaya lililofunguliwa Ginza mwaka 1924 lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kufanya hivyo. Juu ya paa za maduka haya kulikuwa na bustani na michezo ya watoto. Mwaka 1930 mkahawa wa Mitsukoshi katika mtaa wa Nihonbashi ulianza kuuza sahani maalumu kwa ajili ya watoto, yenye kilima kidogo cha wali na kibendera juu yake. Familia ya karani ingeweza kutoka Jumapili, ikapanda lifti, ikala, ikatazama mji kutoka juu, ikarudi nyumbani imenunua jozi moja ya soksi, na isione aibu yoyote.

Mfano mzuri kupita yote, kwa maoni yetu, unatoka Osaka. Mwaka 1929 Kobayashi Ichizo, mwenye reli ya Hankyu, alifungua duka kubwa katika kituo cha treni cha Umeda, akawa wa kwanza kuunganisha reli na duka la namna hiyo. Biashara hiyo ilikuwa na hesabu yake: aliuza nyumba kandokando ya reli, akauza tiketi, akauza na bidhaa mwisho wa safari. Lakini katika miaka ile ya dhiki, vijana wasio na kitu walikuwa wakiingia katika mkahawa wa duka lake, wakiagiza wali mtupu, kisha wakiumwagia mchuzi wa chupa uliowekwa mezani bure. Wahudumu hawakupendezwa. Kobayashi akaagiza wapokewe vema, akatangaza kwamba wanaoagiza wali mtupu wanakaribishwa, akijua kwamba vijana hao maskini wangeoa, wangezaa, na wangerudi na watoto wao. Tunaweza kusema kwamba hiyo nayo ilikuwa hesabu ya mfanyabiashara. Naam, ilikuwa hivyo. Lakini ni hesabu iliyomtazama maskini kama mtu mwenye kesho, na huo tayari ni mwanzo wa heshima.

Sasa tutazame mahali mlango unaporudishwa.

Kwanza, uturejeshe macho kwa mteja. Mauzo ya maduka makubwa ya Japani yalifika kilele mwaka 1991, karibu yeni trilioni 9.7 kwa mwaka. Mwaka 2020, katika janga la korona, yalishuka hadi karibu trilioni 4.2. Baadaye yalipanda tena, lakini hayakupandishwa na familia ya yule karani. Duka la Isetan la Shinjuku, kwa mfano, katika mwaka wa fedha wa 2022 lilivunja rekodi yake lenyewe ya mwaka 1991, na nguvu iliyolibeba ilikuwa saa, vito na nguo za bei kubwa. Mtu wa kawaida amekwisha kuondoka zamani. Amekwenda kwenye maduka ya yeni 100, kwenye nguo za bei nafuu, na kwenye simu yake ya mkononi. Waliobaki wanatafutwa kwa bidii. Maduka haya yana idara iitwayo gaisho, ambayo watumishi wake huenda nyumbani kwa wateja matajiri au huwapokea katika vyumba vya faragha, na katika miaka hii idara hiyo imezidi kutegemewa. Tazameni jinsi gurudumu lilivyozunguka. Mwaka 1673 Mitsui aliacha kwenda majumbani kwa wakubwa ili amuuzie kila mtu dukani. Baada ya miaka 350 warithi wa desturi yake wanarudi majumbani kwa wakubwa.

Pamoja na matajiri wa nyumbani wamekuja wageni. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 kutoka nje, na kwa kuwa thamani ya yeni ilikuwa imeshuka sana, wengi waliona mkoba wa Ulaya ni nafuu Tokyo kuliko kwao. Wahenga wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hakika wageni hawa wameyaponya maduka mengi. Lakini mwenyeji anayeponywa hapa ni nani? Mfanyakazi wa mji huo huo anautazama mkoba uleule kwa mshahara wa yeni ambao thamani yake imepungua, na bei za vyakula zimepanda. Mwenyeji amegeuka mpita njia katika mtaa wake.

Pili, tutazame miji ya mikoani. Mwezi Januari 2020 duka la Onuma la mji wa Yamagata, lenye asili ya mwaka 1700, lilifilisika, na mkoa mzima wa Yamagata ukawa wa kwanza nchini kubaki bila duka kubwa la namna hii. Mwezi Agosti mwaka huohuo ukafuata mkoa wa Tokushima. Mwezi Januari 2024 duka la Ichibata mjini Matsue lilifungwa, ukawa wa tatu mkoa wa Shimane. Na mwezi Julai mwaka huo Takashimaya ya Gifu ikafunga milango, ukawa wa nne. Sababu ni nyingi: vijana kuhamia miji mikubwa, idadi ya watu kupungua, na majumba mapana ya maduka yaliyojengwa nje ya miji, yenye viwanja vikubwa vya magari. Sheria iliyokuwa ikiyabana maduka makubwa ili kuwalinda wenye maduka madogo, iliyoanza kutumika mwaka 1974, ilifutwa mwaka 2000. Leo mitaa mingi ya katikati ya miji midogo ina jina lake la huzuni, mitaa ya milango iliyoshushwa, kwa kuwa duka baada ya duka limefungwa. Mzee asiyeweza tena kuendesha gari hana njia ya kulifikia jumba la nje ya mji, na duka la jirani limekwisha kufa. Hivyo fahari ya Ginza na ukimya wa Gifu ni pande mbili za kitambaa kimoja.

Tatu, tumtazame mfanyakazi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Duka la Kijapani husifika duniani kwa adabu yake: asubuhi mlango unapofunguliwa, wafanyakazi husimama kando ya njia na kumwinamia kila anayeingia. Ni jambo zuri. Lakini katika Japani ya leo zaidi ya theluthi ya watu walioajiriwa hawana ajira ya kudumu. Wana mikataba ya muda, au kazi za saa chache, au wametumwa na mawakala, na biashara ya rejareja inawategemea sana watu wa namna hiyo. Tarehe 31 Agosti 2023, wafanyakazi wa duka la Seibu la Ikebukuro walifanya mgomo wa siku moja, na duka zima likafungwa. Ulikuwa mgomo wa kwanza katika maduka makubwa ya Japani baada ya miaka 61. Hawakudai nyongeza ya mishahara. Walitaka kujua hatima ya ajira zao, kwa sababu kampuni ilikuwa inauzwa kwa mfuko wa uwekezaji wa Marekani. Kesho yake mauzo yakakamilika. Hatusemi kwamba mwenye mali hana haki ya kuuza. Tunasema kwamba watu waliofundishwa kuinama mbele ya kila mteja walistahili kwamba nao, angalau mara moja, wasikilizwe mapema.

Nne, na hapa ndipo penye uzito wa hoja yetu, tuitazame ardhi yenyewe. Baada ya tetemeko la mwaka 1923, michango iliyotolewa kwa ajili ya waathirika ilitumika kuanzisha shirika la makazi lililoitwa Dojunkai. Shirika hilo lilijenga nyumba za saruji zenye vyumba vya kupangisha, zikiwemo zile za Aoyama, kandokando ya barabara ya Omotesando, zilizokamilika mwaka 1927. Nyumba hizo zilizeeka, na hakuna anayekana kwamba zilihitaji kushughulikiwa. Mwaka 2003 zikabomolewa, na mwezi Februari 2006 mahali pake pakafunguliwa Omotesando Hills, jumba la maduka ya fahari lililosanifiwa na Tadao Ando. Kwa haki tuseme kwamba Ando aliiheshimu miti ya barabara ile, hakulipandisha jumba juu sana, na akajenga upya kipande kimoja cha nyumba za kale kiwe kumbukumbu. Hata hivyo tunaona vigumu kulipita jambo hili bila kulitafakari: ardhi iliyojengwa kwa sadaka za maafa imekuwa sakafu ya viatu vya bei kubwa. Ginza nako, lile duka la Matsuzakaya lililowaruhusu watu kuingia na viatu vyao lilifungwa mwaka 2013, na mahali pake mwaka 2017 likafunguliwa jumba la Ginza Six, lenye maduka zaidi ya mia mbili, yakiwemo ya chapa za anasa.

Lakini mfano unaochoma zaidi ni wa Shibuya. Kulikuwa na bustani ya umma iliyoitwa Miyashita, nyembamba na ndefu, kando ya reli, na tangu mwaka 1966 ilikaa juu ya paa la maegesho ya magari. Kwa miaka mingi watu wasio na makazi walijenga humo vibanda vyao vya turubai la buluu. Mwaka 2010 waliondolewa kwa ajili ya ukarabati, pamoja na maandamano ya waliowatetea. Kisha bustani ikafungwa tena, ikajengwa upya, na mwezi Julai 2020 ikafunguliwa kwa sura mpya: chini maduka, yakiwemo ya Louis Vuitton na Gucci, kando yake hoteli, na juu ya paa nyasi, viti na uwanja wa michezo. Bustani ipo, na si haki kusema imetoweka. Vijana huifurahia. Lakini ina saa za kufungwa, na anayetaka kuifikia hupita kandokando ya vioo vya maduka. Zamani mji ulimpa mtu asiye na kitu mahali pa kukaa kwa sababu tu yeye ni mtu. Sasa unampa mahali hapo kwa sharti kwamba asikae sana, asilale, na asionekane hana kitu.

Tunajua kwamba kuna wenye kutupinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Watasema kwamba majumba haya yamesafisha mitaa, yametoa ajira, yamepanda miti. Minoru Mori, aliyejenga Roppongi Hills iliyofunguliwa mwaka 2003, aliamini kwamba mji ukijengwa kwenda juu, ardhi ya chini inaachwa huru kwa bustani na watembea kwa miguu, na majengo yakiwa imara watu watayakimbilia wakati wa tetemeko badala ya kuyakimbia. Ghorofani aliweka makumbusho ya sanaa. Kampuni yake ilitumia takribani miaka 17 kuzungumza na mamia ya wenye ardhi kabla ya kukamilisha jengo, na mwaka 2023 ikafungua Azabudai Hills, yenye mnara wa mita 325. Hizi ni sifa za kweli. Mji wenye matetemeko unahitaji majengo imara, na mji wenye joto unahitaji kivuli. Tena watasema: hakuna anayelazimishwa kununua.

Tunawajibu hivi. Ni kweli hakuna anayelazimishwa kununua. Lakini mwanadamu hufundishwa na mahali anapoishi. Mtoto anayekulia mahali ambapo kila kiti ni cha mkahawa, kila kivuli ni cha duka, na kila burudani ina bei yake, hujifunza bila mwalimu kwamba thamani yake ni ile iliyomo mfukoni. Wazee wa pwani yetu waliweka baraza ya mawe nje ya nyumba ili mpita njia aketi bila kuulizwa anataka nini. Kitu cha namna hiyo hakipatikani kwa amri ya soko. Soko hutoa kiti kwa mteja. Kwa mtu hutoa njia ya kupita.

Na upweke nao umejificha katika vioo hivyo. Polisi wa Japani walitangaza kwamba mwaka 2024 watu zaidi ya 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao walifia majumbani mwao, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Si wote waliosahauliwa, lakini hesabu hiyo inatisha. Tunajiuliza ni wazee wangapi ambao salamu pekee waliyoisikia siku nzima ilikuwa ile ya muuzaji aliyeinama mbele yao. Hatuidharau salamu hiyo. Huenda ilitoka moyoni. Lakini jamii ambayo ukarimu wake mkubwa kabisa umehifadhiwa dukani imeuweka ukarimu huo mikononi mwa hesabu ya faida, na siku hesabu inapogoma, kama Yamagata na Gifu, salamu nayo inaondoka.

Wajapani wenyewe wameliona jambo hili kabla yetu. Mwaka 1980 kundi la biashara la Seibu, chini ya Tsutsumi Seiji, ambaye pia alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya kwa jina la Tsujii Takashi, lilianzisha bidhaa zilizoitwa Mujirushi Ryohin, yaani bidhaa njema zisizo na chapa. Miongoni mwa za kwanza ulikuwamo uyoga mkavu uliovunjika vipande: ladha ni ileile, umbo tu si kamili, basi kwa nini utupwe? Lilikuwa jibu la busara kwa ulevi wa majina makubwa. Lakini kutokuwa na chapa kukageuka chapa inayojulikana duniani kwa jina la Muji, na mwaka 2019 ikajengewa Ginza duka lake kuu lenye hoteli ndani. Hali kadhalika mwaka 2009 Yamashita Hideko aliandika kuhusu danshari, njia ya kukataa, kutupa na kuachana na vitu. Baada yake Marie Kondo akawafundisha watu wa mataifa mengi kupanga nyumba zao na kubaki na kile kinachowapa furaha. Hata hapo soko halikushindwa: likauza vitabu, likauza na masanduku ya kuhifadhia vilivyobaki. Fundisho ni kwamba tamaa haiponywi kwa kununua kidogo kwa ustadi zaidi, maana hata kiasi kinaweza kuwekwa kwenye kabati la vioo.

Lipo neno lingine la Kijapani ambalo lina undugu nasi. Mwezi Februari 2005 Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizuru Japani na akakutana na neno mottainai, linaloeleza majuto ya kuona kitu chenye thamani kikipotea bure. Alilipenda, akalitaja mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa mwaka huohuo, akalitangaza hadi kufa kwake mwaka 2011. Wajapani wengi walishangaa kwamba ilihitajika mgeni kutoka Afrika awakumbushe neno la bibi zao. Nasi tunaoendesha magari yaliyotumika, ambayo maandishi ya Kijapani hayajabanduliwa kwenye vioo, tunaijua nusu ya pili ya habari hii. Kile ambacho huko kilihesabiwa kuwa kimezeeka, hapa kinabeba watoto shuleni na wagonjwa hospitalini kwa miaka mingine mingi. Kitu hakikuisha, kilichoisha ni hamu ya mwenyewe.

Hatuwezi kumaliza bila kugusa Noeli, maana hapo majumba haya yameingia nyumbani kwetu. Wakristo wa Japani ni karibu asilimia 1 tu ya watu wote, lakini tangu Novemba kila jumba la maduka husimamisha mti wenye taa, na familia nyingi huagiza keki ya malai na stroberi. Tarehe 26 Desemba mti umekwisha kuondolewa, yamewekwa mapambo ya mwaka mpya, na siku chache baadaye watu hununua mifuko iliyofungwa iitwayo fukubukuro, mifuko ya bahati, bila kujua kilichomo. Hatuwalaumu wasioamini kwa kuipenda taa. Lakini sisi tunaoamini tunajua kwamba sikukuu ile inamhusu Mtoto ambaye wazazi wake walifika mkono mtupu, wakakosa nafasi. Taa za sikukuu yake zinapowashwa mahali ambapo mtu asiye na kitu haruhusiwi kulala, yafaa sisi tuwe wa kwanza kuliona hilo, na tusiseme kwamba ni jambo la Japani peke yake.

Basi, wapendwa, tunapendekeza kipimo kimoja cha kupimia jumba lolote la maduka, huko au kwingineko. Tusilipime kwa marumaru yake wala kwa majina yaliyoandikwa mlangoni. Tuulize: mzee asiyenunua kitu aweza kukaa humo kwa muda gani kabla ya kuangaliwa kwa jicho la shaka? Wafanyao kazi humo wanajua kama mwakani watakuwa na kazi? Kabla halijajengwa, nani alikuwa anaishi pale, na amekwenda wapi? Wenye mamlaka ya mji wakiyauliza maswali hayo kabla ya kutia sahihi, na wanunuzi wakiyauliza kabla ya kufungua pochi, milango mingi itabaki wazi. Kobayashi aliweza kumkaribisha mla wali mtupu katikati ya dhiki kuu, na duka lake halikufa. Mtu si kitu, mtu ni utu.